Kichaa cha Mbwa Hakina Dawa, Kina Kinga

Mwaka 2014 Kenya ilizindua mpango wa kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Kaunti tano zilitangulizwa ili nyingine zijifunze kwao: Kisumu na Siaya kule ziwani, na Machakos, Kitui na Makueni huku Ukambani. Mwaka 2030 umekaribia. Chanjo ya mbwa ipo, chanjo ya mtu aliyeumwa ipo, sabuni imejaa madukani, na bado watu wanakufa kifo ambacho muuguzi aliyewahi kukishuhudia hapendi kukisimulia. Tatizo kwa sehemu ni pesa na mipango, na nitafika huko. Lakini sehemu nyingine kubwa ni maneno yanayosemwa kwa uhakika sokoni, kwenye matatu na hata barazani kwa chifu, yakasadikiwa kwa kuwa aliyeyasema ni mtu mzima. Nayajibu hapa kwa sababu yanaua.

"Mbwa mwenye kichaa anajulikana kwa kumtazama."

Anayesema hivi anamfikiria mbwa mmoja tu: yule anayekimbia ovyo, povu mdomoni, akiuma miti, mawe na watu. Mbwa huyo yupo. Lakini kuna kichaa kingine, cha kupooza, ambacho hakina kelele. Mbwa anajitenga, anajificha chini ya ghala, miguu ya nyuma inalegea, taya la chini linaning'inia na mate yanachuruzika kwa kuwa koo limeshindwa kumeza. Mwenye mbwa anaingiwa na huruma. Anadhani mfupa umekwama, anamfunua kinywa na kutia vidole kuutafuta, na vidole vya mtu anayelima na kuchanja kuni havikosi mikwaruzo. Virusi vya kichaa viko ndani ya mate hayo.

Kichaa cha kupooza angalau kina dalili. Kuna hatari isiyo na dalili kabisa. Virusi huanza kutoka kwenye mate siku chache kabla mbwa hajaonekana mgonjwa. Anaweza kumuuma mtoto leo, naye anakula vizuri na kutikisa mkia, kisha akaanza kuugua keshokutwa. Kutokana na hilo ikawekwa kanuni ya siku 10: mbwa au paka aliyemuuma mtu, ikiwa anaweza kuzuiwa bila kumhatarisha mwingine, afungiwe, apewe chakula na maji, atazamwe. Akibaki mzima siku 10 zikiisha, mate yake hayakuwa na virusi siku ile alipouma. Kanuni hii haimruhusu aliyeumwa kukaa nyumbani akingoja matokeo. Anaanza sindano siku ile ile, na zinaweza kusimamishwa mbwa akithibitika kuwa mzima.

Hapo ndipo rungu linapoharibu kazi. Mbwa akishauma, vijana wanamkimbiza, wanamponda kichwa, wanamzika, na watu wanapumua. Lakini hakuna kipimo cha kuaminika cha kumpima kichaa mbwa aliye hai. Kinachopimwa ni ubongo. Sampuli hupelekwa kwenye maabara kuu ya mifugo, Kabete, ikapakwa kingamwili zenye rangi inayong'aa chini ya darubini maalumu, na virusi vikiwapo huonekana saa chache baadaye. Ikiwa hapana budi mbwa auawe, basi kichwa kiachwe kizima, mzoga usiguswe kwa mikono mitupu, na ofisi ya mifugo ya wadi ipigiwe simu kabla ya shimo kuchimbwa. Mtaalamu hahitaji hata kupasua fuvu: anaweza kuvuta sampuli kwa mrija kupitia tundu la nyuma ya kichwa, pale uti wa mgongo unapoanzia. Sampuli moja kama hiyo inaijulisha kaunti nzima kwamba ugonjwa umefika Kyuso au Makindu, ili mbwa wa vijiji vya jirani wachanjwe kabla ya mwingine kuuma.

Wala wanaougua si mbwa tu. Paka hupata kichaa. Punda, ambaye katika Kitui na Makueni ndiye bomba la maji la nyumba nyingi, hupata kichaa. Ng'ombe mwenye kichaa hulia mfululizo kwa sauti ya kukwaruza, hujikamua kana kwamba amefunga choo, hudondosha mate na kushindwa kumeza. Mfugaji anatia mkono mzima kooni kutafuta kiazi kilichokwama. Ukimwona ng'ombe wa namna hiyo, na hasa ikiwa wiki kadhaa nyuma mbwa asiyejulikana alipita zizini, weka mkono mbali na umwite daktari wa mifugo. Mnyama aliyekwisha kuonyesha dalili hatibiwi, na kumchinja haraka ili nyama isipotee ni kujitafutia balaa: anayemchuna ndiye anayeshika ubongo, uti wa mgongo na mate. Na kwa kuwa tunazungumzia mizoga, ng'ombe aliyekufa ghafla, damu ikitoka puani na nyuma bila kuganda, asipasuliwe kabisa, maana hicho huenda ni kimeta, ugonjwa mwingine wenye kanuni zake.

Kuhusu maziwa, watu wamejaa hofu kuliko inavyostahili. Shirika la Afya Duniani halijaona kisa kilichothibitishwa cha mtu aliyepata kichaa kwa kunywa maziwa, na kuyachemsha huviua virusi. Maziwa ya ng'ombe anayeshukiwa yasinywewe hata hivyo. Wa kwanza kuangaliwa awe yule aliyemkamua na kumshika mdomo.

"Kichaa ni cha mbwa koko. Wangu ana mwenyewe."

Nendeni Kathonzweni au Mutomo mniambie mbwa koko ni yupi. Karibu kila mbwa wa Ukambani ana boma analolala na mtu anayemwita jina. Analinda mbuzi mchana, analinda nyumba usiku, na kati ya kazi hizo mbili anazunguka anakotaka. Makueni ilipokuwa ndiyo kwanza inamegwa kutoka Machakos, mwaka 1992, mtafiti Philip Kitala na wenzake walianza kuwachunguza mbwa wa Machakos kijiji kwa kijiji. Waliwakuta ni mbwa wenye wenyewe, na wengi wao wanazurura huru. Waliochanjwa walikuwa wachache, chini ya theluthi. Nusu ya mbwa walikuwa hawajatimiza mwaka mmoja, na jike aliyezaliwa huko angetarajiwa kuishi miaka 2 na miezi michache tu. Idadi yao ilizidi kukua vivyo hivyo, kwa sababu majike walizaa sana. Nitazirudia hesabu hizi, kwani ndani yake mna jibu la swali kubwa kuliko hili. Kwa sasa itoshe kusema kwamba kuwa na mwenyewe hakumkingi mbwa. Kinachomkinga ni sindano yenye tarehe kwenye cheti.

Watafiti hao hao walifanya jambo jingine ambalo ningependa kila afisa wa kaunti alisome: waliwatumia wanakijiji wenyewe kutoa taarifa za mbwa wanaoshukiwa, badala ya kungoja taarifa zifike ofisini. Visa walivyovipata vilizidi mno vile vilivyokuwa kwenye vitabu vya serikali. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba kichaa ni nadra kwa sababu ofisi haina visa, muulize ofisi ilivitafuta wapi.

"Ugonjwa unatoka porini. Kuchanja mbwa ni kazi bure."

Dai hili lina nguvu kwa watu wa Kibwezi, Mtito Andei na Ikutha, wanaopakana na Tsavo na kuwaona mbweha, nguchiro na fisi kila wiki. Ni kweli kwamba wanyama hao huugua kichaa na huuma. Wanaposhangaza watu kwa kuingia kijijini mchana bila woga, waogopwe. Lakini swali ni nani anayeuhifadhi ugonjwa mwaka hadi mwaka. Utafiti wa muda mrefu kuzunguka Serengeti, mahali penye wanyama pori wengi kuliko Tsavo, uliwafuatilia wanyama walioumana mmoja baada ya mwingine. Ulionyesha kuwa mbwa wa kufugwa ndio wanaoubeba. Wanyama wa porini huambukizwa, huambukizana kidogo, kisha mnyororo hukatika wenyewe. Duniani kote, visa 99 kati ya 100 vya kichaa kwa binadamu hutokana na mbwa. Anayemchanja mbwa wake pembeni mwa Tsavo anamkinga mtoto wake, na anamkinga mbweha pia.

Sasa kidonda. Kuna wanaosema kidogo hakina neno, na kuna wanaosema kipakwe pilipili, chumvi, tope, mafuta ya taa, maji ya betri, majani, au kibandikwe jiwe jeusi livute sumu. Kwanza, kichaa si sumu. Ni virusi, na virusi hivi vina tabia ambayo ukiielewa utaona mara moja kwa nini dawa hizo zote ni hasara. Vikiingia kwenye nyama hukaa pale kwa muda, kisha huingia kwenye neva na kupanda polepole kuelekea uti wa mgongo, hadi ubongoni. Vikiwa bado kidondoni vinaweza kuoshwa na kuuawa. Vikiisha kuingia kwenye neva, hakuna kitakachovifuata huko. Pilipili na mafuta ya taa vinauchoma mwili na kuchimbua nyama zaidi, vikivifungulia virusi njia, na jiwe linazuia watu wasifanye kazi moja iliyo na maana.

Kazi yenyewe ni kuosha. Maji yanayotiririka na sabuni, ya kipande au ya unga, kwa dakika 15 kamili. Ganda la nje la virusi vya kichaa limetengenezwa kwa mafuta, na sabuni huliyeyusha jinsi inavyoondoa mafuta kwenye sufuria. Dakika 15 ni ndefu kuliko watu wanavyodhani, na katika nchi ambako mtungi wa maji umetembea kilomita kadhaa juu ya punda, najua ninachokiomba. Maji hayo yatumike. Baada ya hapo dawa kama ayodini au spiriti ipakwe ikiwapo, kidonda kisifungwe kwa kubana wala kushonwa haraka, na safari ya hospitali ianze. Asitangulie mtu hospitali na kidonda kikavu akidhani wataosha huko; kila saa ina thamani.

Na "kidogo" ni kipi? Mbwa akikulamba kwenye ngozi nzima, isiyo na jeraha, huhitaji sindano, jioshe tu. Akikuparura au kukung'ata juujuu bila damu kutoka, unahitaji chanjo. Akikutoboa ngozi, au mate yake yakiingia machoni, mdomoni au kwenye jeraha la zamani, unahitaji chanjo pamoja na imunoglobulini, yaani kingamwili zilizokwisha kutayarishwa. Hizi hudungwa ndani na kandokando ya kidonda ili kuvizuia virusi wakati mwili unajifunza kutengeneza kingamwili zake. Kidonda cha usoni, kichwani, shingoni au mikononi ni hatari zaidi, kwa kuwa neva ni nyingi au njia ya kufika ubongoni ni fupi. Watoto ndio wanaoumwa huko, kwa vile vichwa vyao viko usawa wa mdomo wa mbwa. Kati ya kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa duniani, 4 ni watoto chini ya miaka 15. Na watoto huficha, kwa sababu walimchokoza mbwa au walipita njia waliyokatazwa. Mzazi anayempiga mtoto kwa kuumwa na mbwa anawafundisha wadogo zake kunyamaza.

"Ni sindano 21 za tumboni."

Zilikuwapo, na waliozipata hawajasahau. Chanjo ile ya zamani ilitengenezwa kwa ubongo wa wanyama na imeachwa. Ya leo hudungwa begani, au pajani kwa mtoto mdogo. Utaratibu uliozoeleka ni sindano 5: siku ya kwanza, ambayo wahudumu huiita siku ya 0, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Upo pia utaratibu wa kudunga kiasi kidogo ndani ya ngozi, sehemu mbili kila mara, siku ya 0, ya 3 na ya 7, ambao Shirika la Afya Duniani liliupendekeza mwaka 2018 kwa kuwa chupa moja inatosha watu kadhaa. Mama mjamzito anachanjwa. Anayenyonyesha anachanjwa. Tena anayepata mbili na kuona kidonda kimepona, akaacha kwa sababu nauli ya bodaboda kutoka Zombe hadi Kitui mjini imemshinda, amejiachia nusu ya safari. Kupona kwa kidonda hakusemi lolote kuhusu virusi.

"Nitakwenda hospitali nikiona dalili."

Hili ndilo dai linaloniumiza kuliko yote, maana kwa magonjwa mengine halina ubaya mkubwa. Malaria inangoja uone dalili, ikatibika. Kichaa hakingoji. Dalili zikishatokea, iwe ni kuogopa maji, kukakamaa koo, kuweweseka, au kuwashwa na ganzi pale palipoumwa zamani, virusi viko ubongoni na kifo ni karibu hakika. Waliowahi kupona duniani, katika historia yote, ni wachache mno, tena wengi wao katika wadi za uangalizi maalumu. Hospitali yoyote ya Wote, Kitui au Nairobi inachoweza kumpa mgonjwa huyo ni chumba tulivu, dawa za kumtuliza, na watu wa kukaa naye.

Kati ya kuumwa na dalili kwa kawaida hupita mwezi 1 hadi 3, mara chache mwaka au zaidi. Muda huo una habari njema: aliyeumwa wiki 3 zilizopita na hakwenda, aende leo, kwa kuwa hajachelewa maadamu hana dalili. Una habari mbaya pia: familia husahau mbwa. Mtu anapoanza kukataa maji na kupiga kelele, wanatafuta aliyemroga, au wanaambiwa ni malaria iliyopanda kichwani. Nchini Malawi watafiti walichunguza ubongo wa watoto waliodhaniwa wamekufa kwa malaria ya ubongo na maradhi yanayofanana nayo, wakakuta baadhi walikufa kwa kichaa. Ndiyo maana makadirio ya vifo vya Kenya yanatofautiana mno, kutoka mamia kadhaa hadi 2,000 kwa mwaka, huku ya dunia nzima yakiwa takriban 59,000. Waliokufa nyumbani, wakazikwa kama waliorogwa, hawakuandikwa popote.

"Hata ukienda, dawa hakuna."

Hapa sitabisha, kwa sababu mara nyingi ni kweli. Zahanati nyingi hazina chanjo ya kichaa, imunoglobulini ni adimu hata kwenye hospitali kubwa, na mkulima anaweza kuandikiwa karatasi ya kwenda kununua duka la dawa kwa pesa asizokuwa nazo. Tangu 2013 afya na huduma za mifugo zote ziko mikononi mwa kaunti, kwa hiyo swali la chanjo liulizwe kwenye mabunge ya kaunti za Makueni na Kitui wakati wa bajeti, si kwa muuguzi anayeonyesha jokofu tupu. Aliyeumwa, baada ya kuosha, aulize kwa simu ni hospitali gani inayo kabla ya kutumia nauli. Mhudumu wa afya wa jamii na ofisi ya mifugo ya wadi huwa wanajua. Imunoglobulini isipopatikana, chanjo ianze bila hiyo. Inaweza kuongezwa hadi siku ya 7 tangu sindano ya kwanza.

Lakini upungufu huo huo ndio hoja yangu. Kozi ya mtu mmoja aliyeumwa inagharimu mara nyingi zaidi ya kumchanja mbwa mmoja. Kaunti inayongoja watu waumwe ndipo inunue chanjo imechagua njia ya gharama, na watakaokosa kufika hospitali watalipa kwa maisha yao. Mifugo na afya hazina budi kukaa meza moja. Kenya ina kitengo cha magonjwa yanayotoka kwa wanyama, kilichoundwa na wizara mbili kwa pamoja, na kaunti zimefuata mfano huo. Kukaa meza moja kuwe na maana hii: daktari wa binadamu anayempokea mtu aliyeumwa anampigia simu wa mifugo siku ile ile, na wa mifugo anamfuata mbwa.

"Basi tuwaue wote, yaishe."

Dai hili hutolewa kwa hasira baada ya msiba, na hasira hiyo naielewa. Sumu hutegwa, mbwa hupigwa, kwa siku chache kijiji kinaonekana salama. Halafu? Mbwa walio rahisi kukamatwa ni wale watulivu, wanaolala nyumbani, na mara nyingi ndio waliochanjwa. Umeondoa kinga iliyokuwapo. Wenye mbwa wazuri huwaficha, au huwahamishia kwa shemeji wadi nyingine, na ugonjwa unahama nao. Ndani ya mwaka mmoja bomani kuna mbwa mwingine, kwa sababu mbuzi bado wanahitaji mlinzi na wezi hawajakwisha, na mbwa huyo ni mtoto asiye na kinga yoyote. Kisiwa cha Flores, Indonesia, kiliingiliwa na kichaa mwaka 1997. Mbwa waliuawa kwa wingi mno. Ugonjwa uliendelea.

Tazameni karibu zaidi. Pemba walichanja mbwa kwa kampeni zilizorudiwa, na mwaka 2014 kichaa kikatoweka kisiwani. Mwaka 2016 kikaingia tena kutoka nje, wakarudi kuchanja, na 2018 kikatoweka tena. Najua jibu litakalokuja: Pemba ni kisiwa, Makueni inapakana na Machakos, Kajiado, Taita-Taveta na Kitui. Ni hoja nzuri, na inadai kwamba kaunti za Ukambani zichanje pamoja, wiki zile zile, badala ya kila moja kivyake. Haidai kwamba kuchanja hakufai. Meksiko si kisiwa. Ilianza kuchanja mbwa kwa wingi miaka ya 1990, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaithibitisha kuwa imemaliza vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa.

Hesabu yenyewe inatia moyo. Kichaa hakisambai kama surua. Mbwa mmoja mgonjwa huambukiza kwa wastani mmoja au wawili, basi. Lengo la asilimia 70 ya mbwa kuchanjwa limewekwa juu ya kinachohitajika, na hapa nazirudia zile takwimu za Machakos. Mbwa wetu wanakufa mapema na wanazaliwa wengi. Ukichanja 70 kati ya 100 mwezi Agosti, kufikia Agosti ya pili baadhi ya hao 70 wamekufa na boma limejaa wapya, na kiwango cha kinga kimeshuka bila mtu kufanya kosa lolote. Asilimia 70 inaacha akiba ya kufidia upungufu huo hadi kampeni ijayo. Kampeni ya mwaka mmoja, ikafuatwa na kimya cha miaka miwili, ni pesa zilizomwagwa mchangani.

Yamebaki madai madogo. Kwamba chanjo humfanya mbwa kuwa mlegevu asiweze kulinda: si kweli, anaweza kuchoka siku moja kwa maumivu ya sindano, kisha anabweka kama kawaida. Kwamba jike mwenye mimba na watoto wadogo wasiletwe: waletwe wote, kwa kuwa katika kampeni za umma hata walio chini ya miezi 3 wanapaswa kuchanjwa, nao ndio nusu ya tatizo. Kwamba chanjo za kijijini zimeharibiwa na joto la Tseikuru: kisanduku cha barafu bado ndiyo kanuni, lakini chanjo moja ya mbwa inayotumika sana ilipimwa na watafiti wa Serengeti na kukutwa bado ina nguvu baada ya miezi 6 kwenye nyuzi 25, na miezi 3 kwenye nyuzi 30. Jua la njiani peke yake halitoshi kuwa sababu ya kukataa.

Linalotosha kuikwamisha kampeni ni umbali na tarehe mbaya. Kituo cha kuchanjia kikiwekwa makao makuu ya wadi, siku ya soko, mbwa hawafiki. Hakuna anayepanda bodaboda na mbwa watatu. Kikiwekwa shule ya msingi ya kila kijiji, wakati wa likizo ya Agosti, wanafika, kwa sababu wanaoweza kuwashika mbwa hao bila kuumwa ni watoto wanaowalisha kila jioni, nao siku hizo wako nyumbani. Kila mtoto aje na kamba na ajue jina la mbwa wake, kwa ajili ya cheti.